Mjomba alinisomesha, sasa anataka nimsainie mwanawe aende Ujerumani

Barua ya msomaji wetu wa Ujiji, Kigoma. Jina limehifadhiwa.

Shikamoo Mama,

Mimi ni msichana wa miaka 26, mzaliwa wa Ujiji. Naomba jina langu lisitoke, maana hapa kwetu watu wanajuana, na baadhi ya ninaowaandika ni wasomaji wa safu yako.

Baba alifariki nikiwa bado shule ya msingi. Aliyetushika mkono ni mjomba, kaka yake mama. Wakati huo alikuwa na mitumbwi ya kuvua dagaa na migebuka, na wanunuzi wake walikuwa wanamsubiri Kibirizi kila alfajiri. Alinilipia ada tangu kidato cha kwanza mpaka nikapata diploma yangu ya ustawi wa jamii. Hajawahi kunisimanga hata siku moja. Nalisema mapema ili ujue kwamba sina kinyongo naye, na kama nisingekuwa nampenda hivi, barua hii nisingeiandika.

Nilipomaliza chuo nilikaa nyumbani bila kazi. Shirika moja la hapa mkoani likatangaza nafasi za vijana kwenda kujitolea Ujerumani mwaka mmoja, kupitia mpango wa serikali yao unaoitwa weltwärts. Niliomba, nikafanyiwa usaili, nikajifunza Kijerumani cha mwanzo, nikachaguliwa. Nilipangiwa nyumba ya kutunzia wazee, kaskazini-magharibi mwa nchi. Nilikuwa nagawa kahawa na mkate asubuhi, nasukuma viti vya magurudumu, nawasaidia wauguzi kuwageuza wazee wasioweza kujigeuza kitandani. Wakiniuliza natoka wapi, nawaambia natoka kule iliko Liemba, meli iliyojengwa kwao Papenburg mwaka 1913. Wapo waliokuwa wanaijua, na kuanzia hapo wakaniona mtu wa nyumbani.

Nililipiwa chumba, chakula na bima, na nikapewa pesa ya matumizi madogo. Mshahara haukuwepo, na hilo tuliambiwa tangu mwanzo. Mwaka ulipokwisha nikarudi. Nilirudi na sanduku la nguo, chokoleti za watoto na simu ya mama.

Tulikwenda wawili kutoka hapa. Mwenzangu, tumwite Z, hakurudi. Kila mara anaweka picha zake mtandaoni, na mama yake kule Mwandiga ameezeka nyumba upya kwa bati za rangi. Mtaani wananiambia, "Wewe ulikwenda Ulaya kulala?" Hata mama aliwahi kuniuliza, kwa upole sana, kama kuna hela nimeweka mahali. Mwaka uliofuata vijana wawili wa shirika letu walinyimwa viza, na inasemwa kwamba Z ndiye aliyeharibu.

Tangu nirudi ninasaidia shirika kuwaandaa wanaoomba. Nawafundisha salamu za Kijerumani, nawaeleza baridi ikoje, nawaambia wasitegemee kurudi na mtaji. Silipwi, ila napenda. Bibi alipopooza, mimi ndiye niliyemhudumia, kwa sababu nilikuwa nimejifunza.

Sasa nakuja kwenye shida yenyewe. Mtoto wa mjomba ana miaka 22, ni fundi umeme, amesoma VETA. Mambo ya mjomba yaliyumba ziwa lilipofungwa miezi 3 mwaka 2024 ili samaki wazaliane. Alikuwa na mkopo, akauza mtumbwi na injini. Binamu yangu ameomba nafasi ya Ujerumani na amefika hatua ya mwisho. Shirika limenipa fomu yake nijaze, kama ninavyojaza za wengine. Hawajui kuwa ni ndugu yangu, kwa sababu majina ya ukoo hayafanani. Ni ukurasa mmoja tu. Swali la mwisho linasema: "Kwa unavyomfahamu, unaamini mwombaji atarudi nyumbani baada ya kumaliza mwaka wake?" Kuna kisanduku cha ndiyo, kisanduku cha hapana, halafu mstari wa saini.

Jioni moja tukitoka sokoni binamu aliniambia, "Dada, mimi nikifika kule sirudi. Nitafanya kama Z. Usimwambie mtu." Alikuwa anacheka, lakini namjua.

Mjomba naye alinipigia. Akasema, "Mwanangu, sijawahi kukuomba kitu. Naomba hili moja." Nilishindwa kujibu, nikasingizia mtandao unakatika.

Mama anasema nisaini, mengine nimwachie Mungu. Rafiki yangu wa pale shirikani ana mdogo wake anayesubiri zamu ya mwakani. Mimi nikisaini ndiyo nadanganya kwa mkono wangu. Nikisaini hapana nitakuwa nimemfungia mlango mtoto wa mtu aliyenifungulia mimi yote. Na kuna jambo ambalo sijamwambia mtu: usiku mwingine huwa naangalia picha za Z mpaka simu inaisha chaji, najiuliza kama mimi ndiye mjinga niliyerudi.

Fomu inatakiwa mwisho wa mwezi. Nisaidie Mama.

Wako, aliyebanwa katikati.

JIBU LA MSHAURI

Marahaba mwanangu, na asante kwa kuniamini.

Kama nimekuelewa, umeletewa karatasi moja yenye maombi matatu yaliyofungwa pamoja. Mjomba anaomba fadhila yake. Binamu anaomba siri yake. Shirika linaomba neno lako. Kila mmoja ana haki ya kukuomba, na kila mmoja anaamini kwamba ombi lake peke yake ndilo lililo mezani. Wewe ndiye unayeyaona yote matatu, na ndiyo maana wengine wanalala usingizi na wewe hulali.

Kabla hatujafika kwenye visanduku vile viwili, niruhusu nikuulize mambo ambayo barua yako imeyachukua kama yamekwisha thibitika.

La kwanza ni Z. Umeandika kwamba hakurudi, na mtaani neno hilo limekwisha kuwa na maana moja tu, kwamba amezamia. Je, una hakika? Wapo vijana wanaomaliza mwaka wao wa kujitolea wakapata mkataba wa mafunzo ya kazi, mara nyingi ya uuguzi au utunzaji wa wazee, wakaomba kibali kingine cha ukaazi na wakapewa. Anayesomea uuguzi kule hulipwa kila mwezi tangu mwaka wa kwanza, kwa hiyo bati za Mwandiga zinaweza kuwa zimenunuliwa kwa pesa halali kabisa. Inawezekana pia kwamba sivyo. Ninachokuomba ni umuulize mwenyewe. Mliondoka pamoja, mkaogopa pamoja, mkajifunza kupanda treni za watu pamoja. Una haki ya kumwandikia, "Dada, uko kwa kibali gani?" Akikujibu, utajua. Akikwepa, nalo ni jibu la aina yake.

Wale vijana wawili walionyimwa viza, ni nani aliyesema sababu ni Z? Barua za kukataliwa zilisema hivyo, au ni mazungumzo ya ofisini yaliyogeuka kuwa ukweli kwa kurudiwarudiwa? Ni kweli kwamba maofisa wa viza huangalia kama mwombaji ana nia ya kurudi kwao, na ni kweli kwamba asiporudi mmoja maswali kwa wanaofuata huweza kuongezeka. Lakini viza hukataliwa kwa mengi, kuanzia karatasi iliyokosekana hadi majibu yasiyoeleweka kwenye usaili. Nakuuliza kwa sababu naona umekwisha kumbebesha Z mzigo, na sasa unaogopa kubebeshwa mzigo huohuo kwa ajili ya binamu yako. Tuupime kwanza tujue uzito wake halisi.

Halafu binamu mwenyewe. Alikuambia akicheka, njiani, jioni. Wewe unamjua na mimi simjui, kwa hiyo sitakubishia kwamba alimaanisha. Ila kijana wa miaka 22 ambaye ameona mtumbwi wa baba yake ukiuzwa anaweza kusema "sirudi" akiwa na maana ya "sitaki kurudi mikono mitupu nikachekwa kama ulivyochekwa wewe." Hayo ni maneno mawili tofauti. La kwanza ni mpango, la pili ni hofu, na hofu hiyo ameiona kwako. Amesikia yote uliyoambiwa mtaani. Je, umewahi kukaa naye ukamweleza mwaka wako ulivyokuwa, kama dada anavyomweleza mdogo wake, bila kumhutubia kama mwandaaji wa shirika? Najua unawafundisha salamu na habari za baridi. Umewahi kumwambia ulilia lini, na kwa nini uliamua kupanda ndege ya kurudi?

Hapo nataka tukae kidogo, kwa sababu naona ndipo penye kidonda.

Umeuliza kama wewe ndiye mjinga uliyerudi. Umeliweka swali hilo mwishoni kabisa, karibu na tarehe ya fomu, kama jambo la pembeni. Mimi naliona ni zito kuliko fomu. Mtu akirudi safari na watu wake wakaangalia mikono yake kabla ya kumwangalia usoni, inauma, na inauma zaidi aliyeuliza akiwa ni mama yako, tena kwa upole. Hujapata mahali pa kulisema hilo. Sasa umeletewa karatasi inayokuuliza, "Mwenzako atarudi?" na wewe mwenyewe bado hujamaliza kujibu kama kurudi kulikuwa na maana. Inawezekana ukaweka tiki kwenye "hapana" kwa sababu ya ukweli. Inawezekana pia ukaiweka kwa sababu kuna sauti ndani yako inayosema, kwa nini yeye apate nilichokosa? Na unaweza kuiweka kwenye "ndiyo" kwa sababu ya upendo, au kwa sababu umechoka kuonekana uliyefaidi peke yako. Sikushutumu kwa lolote kati ya hayo. Yote ni ya kibinadamu. Ila kabla ya kushika kalamu, jiulize ni sauti ipi inayoongea.

Tena umenipitishia jambo kwa mstari mmoja ambalo nimelisoma mara mbili. Bibi alipopooza, wewe ndiye uliyemhudumia kwa sababu ulikuwa umejifunza. Mgonjwa aliyelala asipogeuzwa kila baada ya saa chache, tukizoea saa mbili, ngozi ya kiunoni na ya visigino huanza kuoza, na vidonda vile ni vigumu kupona. Wewe ulijua, na ukafanya. Huyo bibi, kama ni mama wa mama yako, basi ni mama wa mjomba. Sijui kama kuna mtu pale nyumbani amewahi kuyaweka hayo kwenye hesabu moja na ada ya shule. Siyasemi ili uende kumdai mjomba. Fadhila hazilipwi kwa kubishana nani amezidi. Nayasema kwa sababu umeandika kana kwamba tangu urudi hujalipa hata senti ya deni lile, na mimi kwenye barua yako naona vingine.

Sasa turudi kwenye fomu na kwa nini swali lile limo.

Vijana kuvuka mipaka kwenda kufanya kazi bila mshahara ni jambo la muda mrefu. Mwaka 1920 Mswisi aitwaye Pierre Cérésole aliwakusanya watu wa mataifa yaliyotoka kupigana, wakaenda kujenga upya kijiji karibu na Verdun, Ufaransa. Huku kwetu, Tanganyika ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kabisa kupokea vijana wa Peace Corps kutoka Marekani, mwaka 1961. Lakini kwa miongo mingi barabara hiyo ilikuwa ya upande mmoja. Wao wanakuja, sisi tunapokea. Hata weltwärts ilipoanza mwaka 2008 ilikuwa ya kuwaleta vijana wa Kijerumani huku. Njia ya vijana wa nchi kama yetu kwenda kwao ilifunguliwa mwaka 2013. Bado ni changa, na imejengwa juu ya matarajio kwamba kijana ataondoka, atajifunza, atarudi na alichokipata. Kwa hiyo shirika halikuulizi swali lile kwa kutaka kukubana. Linajaribu kuilinda njia yenyewe ili mdogo wa rafiki yako aikute ipo. Nalo pia nataka ulijue: wewe si mlinzi pekee wa lango hilo. Kuna usaili, kuna mafunzo ya maandalizi, kuna ubalozi. Ukurasa wako ni mmoja kati ya kurasa nyingi.

Basi, unaweza kufanya nini? Nitakueleza ninavyoona, pamoja na ugumu wa kila njia.

Unaweza kusaini ndiyo, kama mama anavyotaka. Faida yake unaijua: amani nyumbani, mjomba anafurahi. Na si haba, wapo wanaoondoka na wazo la kubaki kisha wakarudi, kwa sababu baridi, upweke na kazi ngumu humfundisha mtu. Hatari yake ni kwamba jina lako ndilo litakalokuwa pale chini. Asiporudi, utakutana na rafiki yako wa shirikani kila siku ukiwa unajua jambo asilolijua. Na tuseme kweli kuhusu anachokwenda kukikuta. Anayezamia kule hana kibali cha kazi, hana bima, hufanya kazi za kujificha kwa malipo anayoamua mwingine. Akikamatwa hurudishwa, na anaweza kuwekewa katazo la kuingia nchi zote 29 za Schengen, yaani zile za Ulaya zinazotumia viza moja, ambalo kwa kawaida hufika hata miaka 5. Msiba ukitokea Ujiji, hawezi kuja kuzika, kwa sababu akitoka ndiyo basi. Sijui kama mjomba, anapoomba saini, anajua kwamba huenda anaomba pia kutomwona mwanawe kwa miaka.

Unaweza kusaini hapana au kwenda kulieleza shirika ulichoambiwa. Ni njia ya ukweli mtupu, na wahenga walisema heri lawama kuliko fedheha. Lakini lawama hiyo utakula nayo Idi, utakaa nayo msibani, utaisikia kwa mashangazi. Na binamu alikuambia akikuamini. Ukiipeleka siri ofisini kabla hujarudi kwake kuzungumza naye, huenda akapoteza nafasi kwa sentensi ambayo labda angeifuta mwenyewe.

Kuna njia ya tatu ambayo barua yako haikuitaja, na nashangaa kidogo kwamba hujaiona, maana umeiandika mwenyewe: shirika halijui kuwa mwombaji ni ndugu yako. Unaweza kwenda na kusema, "Huyu ni mtoto wa mjomba wangu, naomba fomu yake ajaze mtu mwingine." Hujadanganya, hujasaliti siri, na mtu asiye ndugu atampima kwa haki. Hata hivyo haina usafi wote unaoonekana. Watakuuliza kwa nini hukusema mapema. Wanaweza kusoma kitu kwenye kujitoa kwako. Mjomba naye anaweza kuona umekwepa, na kwa mtu aliyekwambia "naomba hili moja", kukwepa kunaweza kuuma kuliko kukataa. Na wewe mwenyewe utabaki na ulichoambiwa, umekaa nacho kimya.

Vyovyote utakavyoelekea, mazungumzo na binamu naona hayakwepeki, na ningependa yatangulie mengine yote. Msikae nyumbani. Tembeeni, kama siku ile. Mwambie wazi kwamba umeletewa fomu, swali ni hili, na wewe utaandika jina lako. Kisha umuulize anatafuta nini hasa. Kama ni kazi Ulaya, basi kujitolea si njia yake, na kuna njia ya mlango wa mbele inayomfaa fundi umeme kuliko inavyomfaa mtu mwingine yeyote. Ujerumani ina mafunzo ya ufundi ambayo mwanafunzi anafanya kazi kwa mwajiri, anasoma chuoni na analipwa. Ya umeme huchukua miaka 3 na nusu hivi. Kwa kawaida huhitaji Kijerumani cha kiwango cha B1, yaani cha kati, na mkataba wa mwajiri mkononi. Ni njia ndefu. Masomo ya lugha yanataka pesa na muda, taasisi yao ya lugha, Goethe-Institut, iko Dar es Salaam, na Kigoma mpaka Dar si safari ya kwenda na kurudi siku hiyohiyo. Lakini anayeipita hahitaji kujificha, na Idi anaweza kuja kula kwao. Wala kujitolea hakumfungii njia hiyo; anaweza kwenda mwaka wake kwa nia safi, akarudi na lugha mdomoni, akaomba mafunzo kutokea hapa. Mtahadharishe tu na mawakala. Mtu akimwambia atoe mamilioni ili auziwe nafasi ya kujitolea au viza ya uhakika, hiyo pesa imekwenda.

Hatari ya mazungumzo haya ipo. Anaweza kukuambia, "Sawa dada, nitarudi," kwa sababu tu amejifunza kwamba kwako hasemi tena ukweli. Wewe unayemjua macho yake utajua tofauti, au hutajua. Hapo siwezi kukuahidi.

Na mjomba? Usimjibu kwa simu. Nenda naye ana kwa ana, na kama unaweza, nenda na mama. Mama yako ni dada yake, wamekula chungu kimoja. Kuna maneno wewe ukiyasema kwa mjomba yatasikika kama utovu wa shukrani, na dada yake akiyasema yatasikika kama huruma. Lakini kwa hilo itabidi kwanza mama ajue mzigo wako wote, ikiwa ni pamoja na lile swali alilokuuliza la pesa na jinsi lilivyokuchoma. Amekuambia usaini na umwachie Mungu. Huenda amesema hivyo kwa sababu hajui kijana amepanga nini. Swali gumu ni kama utamweleza hilo la binamu au utaacha binamu mwenyewe aliseme. Ningependelea kijana apewe nafasi ya kulisema mwenyewe kwa baba yake, ila wewe ndiye unayewajua hawa watu na hasira zao.

Kuhusu picha za Z usiku, sitakuambia uache kuziangalia. Nitakuuliza tu: ungekuwa wewe uliyebaki, nani angemgeuza bibi? Na upande wa pili pia ni halali kuuliza: una miaka 26, una diploma, una Kijerumani, na unajitolea bila malipo kuandaa safari za wengine. Je, nawe una safari yako unayoiogopa kuitaja, kwa sababu umekwisha kujiweka kuwa mfano wa aliyerudi? Anayetimiza ahadi ya kurudi hajafungiwa kutoka tena kwa njia halali. Siku ukitaka tuzungumze hilo, niandikie barua nyingine.

Kwa sasa, mwisho wa mwezi unakaribia. Unaweza kuliomba shirika likuongezee wiki moja kwa fomu hii. Ukiwaambia una jambo la kuhakikisha kwanza, utakuwa umesema kweli. Na mjomba akipiga tena kabla hujawa tayari, pokea, msalimie, mwambie bado unazungumza na mwanawe na utakuja nyumbani Ijumaa na mama.